Treni ya Manchester: mama ana kadi ya wazee, shangazi ya ulemavu, binti ya vijana, mimi sina kitu. Nikate vipi?

Mkarafuu_MK aliandika:

Assalaam alaykum jamani, na wasiokuwa Waislamu habari zenu.

Naomba mnishauri kabla sijabonyeza kulipa. Binti ya marehemu kaka yangu anaolewa Manchester, Jumamosi, na sisi tunatoka Milton Keynes. Mama yangu ana miaka 68 na ana Senior Railcard, yaani kadi ya wazee ya kupunguziwa nauli ya treni. Shangazi yangu, presha ya macho imemharibu, haoni vizuri, yeye ana Disabled Persons Railcard. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Mimi nina 45, sina kadi yoyote. Halafu binti yangu mkubwa anasoma Stoke-on-Trent, ana 16-25 Railcard, na anataka atukute ndani ya treni hiyo hiyo ikipita kwake.

Nimeanza jana baada ya Isha, mpaka saa sita usiku bado nahangaika. Nikiweka watu wanne na kadi mbili, tovuti inampunguzia mama, inampunguzia shangazi, mimi nabaki na nauli nzima. Binti simuoni pa kumuweka, maana hapandi pamoja nasi. Nikijaribu kukata tiketi moja moja, naogopa mama atakaa behewa C na shangazi behewa H. Shangazi hawezi kutembea peke yake kwenye treni inayotikisika.

Naogopa na kukosea, nitawaambia kwa nini. Mwaka jana nilimkatia mama tiketi ya Birmingham. Akaunti yangu ilikuwa imehifadhi kadi ya binti yangu tangu safari ya nyuma, nami sikuangalia. Tiketi ya mama ikatoka imeandikwa 16-25. Kabla ya Coventry kondakta akapita, akaisoma, akamtazama mama, akasema tiketi hii si halali. Mama akatoa Senior yake, na punguzo ni lile lile theluthi moja, lakini kondakta akasema kadi iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo anayotakiwa kuiona. Akamlipisha nauli nzima upya. Mama hakusema neno. Alivuta ushungi wake mbele, akaangalia dirishani mpaka stesheni ya New Street, Birmingham. Pesa si kitu, lakini mtu wa umri ule, anayelipa mpaka senti ya mwisho dukani, kuonekana mbele za watu kama mdanganyifu! Sitaki limpate tena.

Kwa hiyo: naweza kukata wote kwa mpigo mmoja na kadi tofauti? Na mimi kweli nilipe nzima?

Kijana_wa_Wete alijibu:

Wa alaykum salaam dada. Kwanza pole, na mpe mama pole yangu.

Ndiyo, wote wanne mnaotoka Milton Keynes mnakatwa mara moja. Idadi ya watu unaiweka kwanza, watu wazima 3 na mtoto 1, halafu ndipo unaongeza kadi, kila aina kivyake. Mfumo unampa kila mtu tiketi yake yenye msimbo wake, na jina la kadi linaandikwa kwenye ile tiketi inayohusika tu. Siti kwa kawaida mnapewa pamoja kwa sababu ni oda moja. Tovuti nyingi za kampuni za treni zinakuonyesha na ramani ya behewa uchague mwenyewe, basi tafuta meza ya watu wanne.

Kosa la mwaka jana ndilo linalowapata wengi. Kabla hujaanza, ingia kwenye akaunti ufute kadi zote zilizohifadhiwa. Ukifika ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, usiangalie jumla peke yake, fungua mchanganuo wa bei usome mstari kwa mstari: nani, kadi gani, bei gani.

Binti usimtie humo. Yeye akatiwe yake, Stoke-on-Trent mpaka Manchester Piccadilly, treni ile ile, lakini baada ya nyinyi kupata siti zenu, ili umchagulie behewa lenu. Jumamosi kadi yake haina tatizo. Ule utaratibu wa nauli isiyopungua pauni 12 ni wa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne asubuhi.

Tena usilipe ada ya bure. Tovuti ya kampuni yoyote ya treni inakuuzia tiketi za njia zote za nchi nzima bila ada ya kukata. Wanaotoza ni baadhi ya hawa wauzaji wa kati.

Mzee_wa_Crewe alijibu:

Mwanangu, huyo kijana amesema vizuri, ila mimi ningekwenda njia nyingine. Nunua Family & Friends Railcard. Kadi moja inafunika watu wazima wanne na watoto wanne. Wakubwa wanapunguziwa theluthi, mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapunguziwa asilimia 60 ya nauli ya mkubwa, wakati bila kadi anapunguziwa nusu tu. Hakuna haja ya kujua nani ana kadi gani. Mwenye jina kwenye kadi awepo, mtoto mmoja angalau awepo, na muende pamoja safari yote. Basi.

BintiTanga_Leeds alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako haina kosa, lakini kuna jambo dada hajaambiwa, na ndilo linalobadilisha kila kitu.

Dada Mkarafuu, wewe hulipi nauli nzima. Disabled Persons Railcard ya shangazi inampunguzia yeye na msindikizaji mmoja wa miaka 16 au zaidi, theluthi moja kila mmoja. Msindikizaji si lazima awe mlezi aliyeandikishwa popote, wala hana haja ya kadi. Awe tu anasafiri pamoja naye. Mimi mume wangu anayo kadi hiyo mwaka wa nne sasa, na miaka miwili ya mwanzo nililipa nzima kwa kutojua, hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nikiona swali kama lako siwezi kupita kimya.

Tovuti ndizo zinazochanganya. Nyingine zinauliza una kadi ngapi, hapo unaandika 1 na yenyewe inapunguza watu wawili. Nyingine zinataka kadi ibandikwe kwa kila abiria, hapo unaibandika kwa shangazi na kwako pia. Kuifanya hivyo si udanganyifu, ndivyo kadi ilivyo. Ukiona bei yako na ya shangazi zimelingana, umepatia.

Sasa twende kwenye hesabu ya mzee. Tuseme nauli ya mkubwa ni pauni 60 kila upande, nachukua namba nyepesi tu. Kwa kadi mlizonazo: mama kama 40, shangazi 40, wewe 40, mtoto 30. Jumla 150. Kwa Family & Friends: wakubwa watatu 120, mtoto 24. Jumla 144. Kwenda na kurudi umeokoa pauni 12, na kadi yenyewe tangu Machi 2025 ni pauni 35, ilikuwa 30. Kwa safari hii hailipi. Italipa siku ambazo shangazi hayupo, ukasafiri wewe, mama na mtoto, kwa sababu hapo wewe ndiye unayebaki bila kitu.

La mwisho, shangazi muombee Passenger Assist. Ni bure, na tangu 2022 unaweza kuomba hata saa mbili tu kabla ya safari, lakini ukiomba mapema unakuwa na utulivu. Mtu wa stesheni anakuja kumpokea, anampeleka mpaka mlangoni mwa behewa, na kule Piccadilly anapokewa vile vile.

Mzee_wa_Crewe alijibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la msindikizaji nilikuwa silijui kabisa, na mke wangu amefanyiwa upasuaji wa nyonga mara mbili. Ahsante. Itabidi nimuulizie kama anastahiki.

Kijana_wa_Wete alijibu:

Ahsante dada wa Leeds, hilo la msindikizaji nililisahau kabisa.

Mkarafuu, naongeza kuhusu kurudi. Tiketi ya Advance, ile ya kukata mapema, ni ya treni uliyoichagua tu, na pesa hairudi. Unaweza kubadilisha kabla ya treni kuondoka, kwa ada na tofauti ya nauli. Harusi zetu mnazijua zinavyoisha. Kama hamna hakika ya saa ya kurudi, angalia Off-Peak Return, tiketi ya kwenda na kurudi nje ya saa za msongamano, inakuruhusu kupanda treni nyingine ya njia yako, na kadi zenu zote zinapunguza humo pia. Usinunue Advance ya kwenda na Off-Peak ya kurudi peke yake bila kulinganisha, maana Off-Peak ya upande mmoja mara nyingi inakaribia bei ya kwenda na kurudi. Na kama mnarudi Jumapili, tazama asubuhi yake kama kuna matengenezo ya reli. Jumapili ndiyo siku yao, unaweza kujikuta kwenye basi nusu ya safari.

Mkarafuu_MK aliandika:

Jamani, Mungu awalipe kheri. Tumerudi salama, na harusi imependeza.

Nilifuta kadi zote kwenye akaunti kwanza, kama alivyosema kaka. Ile ya binti ilikuwa bado imekaa mule mule ikinisubiri. Tovuti niliyotumia ilitaka kadi kwa kila abiria, basi nikaibandika Disabled kwa shangazi na kwangu. Bei zetu zikalingana, nikashusha pumzi. Tulichukua Off-Peak Return, nikachagua meza ya watu wanne, kisha nikamkatia binti siti safu mbili nyuma yetu.

Usiku wa Ijumaa nilichapisha karatasi nne, nikaandika juu ya kila moja kwa kalamu ya wino mzito: MAMA, SHANGAZI, MIMI, MTOTO. Chini ya jina nikaandika kadi ya kuonyesha. Simu sikutaka kuitegemea, chaji ikiisha na kadi ya mama iko ya plastiki mkobani, bora kila kitu kiwe cha kushika mkononi. Shangazi yeye ana njia yake. Kadi yake ameibandika kipande cha plasta pembeni, ile ya kufungia kidonda, kwa sababu mkobani ana kadi tatu zinazolingana na macho hayamsaidii. Anapapasa, akigusa plasta anajua ndiyo hii.

Pale Milton Keynes alitupokea dada mmoja mwenye koti la kung'aa, akamshika shangazi mkono, akamwambia ngazi moja, hatua kubwa, sasa tambarare. Shangazi alimsifu mpaka Stoke. Binti alipopanda alikuja moja kwa moja akambusu bibi yake mkono, watu wa behewa wakawa wanatabasamu.

Kondakta alipita baada ya hapo. Nilimuona mama anakaa sawa, mkono kwenye mkoba. Nilimsogezea karatasi yake, akaitoa mwenyewe na Senior yake juu yake. Kondakta akapiga msimbo, akatazama kadi, akasema ahsante mama, akageukia kwa shangazi, ambaye kadi yake ilikuwa tayari iko nje. Kwangu akauliza mimi ni nani wake, nikamwambia ndiye ninayemsindikiza. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa binti.

Mama alikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mkobani. Halafu ndipo akauliza kama chai inauzwa behewa gani.

BintiTanga, shangazi anakusalimia. Ameniambia niulize: nduguye aliyeko Leicester naye macho yanamsumbua, lakini hajaandikishwa hospitali. Aanzie wapi?

BintiTanga_Leeds alijibu:

Salamu zimefika, mpe na zangu. Aanze kwa daktari wake amwombee rufaa ya kliniki ya macho. Kule ndiko anakopewa cheti cha kutoona vizuri, na kwa cheti hicho halmashauri inamwandikisha. Akishaandikishwa ndipo anaomba kadi, pauni 20 kwa mwaka au 54 kwa miaka mitatu. Aniandikie faraghani akikwama kwenye fomu, nitamjazia.