Mjadala: Mtoto wa gredi ya tatu, mtihani wa kila Ijumaa ni wa nini?

Salam aleikum wana Lamu wote, wa Amu na Shela na Matondoni, wa Faza na Kizingitini, wa Mokowe na Mpeketoni. Nataka tulizungumze hili kabla skuli hazijafunguliwa, manake zikishafunguliwa kila mtu yuwakimbia na lake na watoto waendelea kuumia.

Mwanangu yuko gredi ya tatu, ana miaka minane. Muhula uliopita kila Ijumaa ilikuwa ni mtihani, na si mtihani alioutunga mwalimu wake, ni zile karatasi za kununua zinazokuja zishachapishwa na jina la kampuni juu, mzazi watoa hela, mtoto yuwafanya, jioni karatasi yarudi nyumbani na namba imeandikwa kwa kalamu nyekundu, wa kumi na nne, wa ishirini na mbili. Alkhamisi usiku hali chakula. Tumbo lamuuma. Nikampeleka hospitali wakampima damu, choo, kila kitu, hana ugonjwa, daktari akaniuliza yule mtoto tumbo humuuma siku gani nikaanza kuhesabu nikanyamaza.

Sasa nauliza, na nauliza kwa uchungu, ile namba yampeleka wapi?

Manake sisi tuliosoma 8-4-4, ule mfumo wa zamani, twajua namba ilikuwa yatupeleka wapi. KCPE ilianza 1985, mtihani mmoja darasa la nane, baadaye alama zikawa 500, siku tatu za maisha yako zaamua utaenda nationali, utaenda ya hapa hapa au utabaki nyumbani. Wazee wetu nao walikuwa na CPE yao darasa la saba, habari ni hiyo hiyo. Matokeo yakitoka magazeti yote picha za watoto wamebebwa mabegani, na yule aliyepata 180 hakuna aliyempiga picha, yeye alikuwa amejificha nyuma ya nyumba na watu wamuuliza mamake "kwani huyu wako vipi?" Ule woga ulikuwa mbaya lakini ulikuwa na sababu yake, mlango ulikuwa mmoja na mwembamba.

Lakini KCPE imekwisha jamani! Ya mwisho ilifanywa 2023. Watoto wa mtaala mpya wafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, ilianza 2022, na KPSEA haimzuii mtoto yeyote kwenda gredi ya saba, tena gredi ya saba yenyewe iko uwanja ule ule wa primari tangu Januari 2023, mtoto yuwahama darasa tu. Na kabla sijaambiwa sijui kitu, najua KPSEA yahesabiwa. Kwenda sinia skuli hesabu ni hii: KPSEA asilimia 20, tathmini za skuli za gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KJSEA ya gredi ya 9, ile iliyofanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 60. Haya. Kwa hivyo gredi ya sita ina uzito kidogo, gredi ya tisa ndiyo yenye uzito wenyewe. Gredi ya tatu kwenye hesabu hiyo iko wapi? Haipo! Ile karatasi ya Ijumaa Baraza la Mitihani halijaiomba, haliioni na haliitaki, imetoka dukani ikaingia darasani ikatoka na usingizi wa mtoto.

Na si Ijumaa peke yake. Jumamosi kuna tuisheni, na Jumamosi hapa kwetu kila mtu ajua watoto wako chuoni wasoma Qurani, sasa mtoto aende wapi, ustadh amgoje au mwalimu wa hesabu amgoje? Wengine washaanza kuwatoa watoto chuoni, "mpaka amalize mtihani," na mtihani hauishi, ukimaliza huu waja ule. Siku za wiki mtoto aamshwa saa kumi na moja alfajiri, yuwarudi alasiri, chuo, maghribi, homuweki, alala saa nne usiku na kitabu kifuani. Ni masaa saba hayo. Madaktari wa usingizi wasema mtoto wa miaka sita mpaka kumi na mbili yuwahitaji masaa 9 hadi 12. Halafu twashangaa mbona mtoto ni mzito, mbona ana hasira, mbona yuwasahau.

Likizo pia hawapumziki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, yasema wazi tuisheni ya likizo hairuhusiwi, faini mpaka shilingi 100,000 au jela mpaka mwaka mmoja, na sote tunaosoma hapa tushawahi kuilipia tena kwa hela ya kukopa. Kupanga skuli kwa namba serikali ilipiga marufuku 2014, ikatoka magazetini ikahamia kwenye mlango wa darasa, orodha yabandikwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho na mtoto wa mwisho yuwapita hapo kila asubuhi.

Mimi msimamo wangu ni huu, presha hii haitoki Nairobi. Twaitengeneza wenyewe, wazazi, walimu wakuu wanaoshindana, na wanaouza karatasi. Kwa hivyo twaweza kuiondoa wenyewe. Kama naona vibaya niambieni, lakini mniambie kwa hoja.

Mwalimu, gredi ya sita:
Dada, wa aleikum salam. Nimekusoma mpaka mwisho na mengi ni kweli lakini hapo kwa walimu wataka tubebe mzigo usiokuwa wetu. Kadi ya ripoti ya mtaala mpya haina namba, ina kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Nikimwandikia mzazi "yuwakaribia matarajio" yuwaja mpaka ofisini aniuliza mwalimu hiyo ni wa ngapi? Nikimwambia hakuna namba aniona mvivu, muhula unaofuata amtoa mtoto ampeleka praiveti kwa sababu kule wapewa namba. Mwalimu mkuu naye aulizwa na wakubwa wake wastani wa skuli umepanda au umeshuka, yeye atuuliza sisi, sisi twamuuliza mtoto. Na KPSEA ni ya kuchagua majibu, mtoto ambaye hajawahi kuzoea kusiliba ile karatasi ya majibu, yaani kutia weusi jibu alilochagua, yuwaruka mstari mmoja na majibu yote yanayofuata yaharibika na alikuwa ajua, nimeliona kwa macho yangu. Kwa hivyo mazoezi lazima. Gredi ya tatu nakubaliana nawe, hapo hakuna haja, lakini msitutupie yote.

Baba, Kizingitini:
Mimi nitasema lile ambalo watu wa mjini hamlisemi. Huku kwetu mtihani ndio ulikuwa njia ya kutokea, mtoto wa mvuvi asiyejulikana na mtu yeyote alikuwa yuwapewa karatasi ile ile aliyopewa mtoto wa waziri, akipata alama zake hakuna wa kumnyang'anya, aitwa skuli kubwa, atafutiwa basari, leo yuko mahali, na twawajua watu kama hao kila kijiji. Sasa mwasema presha presha, na hizi tathmini za skuli, projekti, mara lete manila, mara chapisha picha, mara tafuta kwa intaneti, huku neti yaja na kupotea na duka la kuchapisha mpaka uende Faza, au upande boti uende Amu, kusi likivuma hupandi, na alama hizo aziweka mwalimu wa skuli yenyewe, nani ajua wa huko juu wawekeana vipi? Na watoto wa Kiboni kule Basuba je, skuli zao zilifungwa miaka kwa ajili ya Al-Shabaab mpaka watahiniwa wakaletwa bweni Mokowe ndipo wafanye mtihani. Hao ukiwaambia mtihani ni mbaya watakushangaa, wao walikuwa wautafuta. Mimi wangu naamsha alfajiri yuwasoma na sioni haya. Maisha ya bahari ni magumu kuliko karatasi ya Ijumaa.

Bibi wa Mkomani:
Wajukuu wangu wanne, wote wamezaliwa kisiwani, wawili hawajui kuogelea. Nikiwaambia shukeni pwani na wenzenu waniambia bibi tuna mtihani. Nashukuru mwanangu kwa kulileta hili.

Mama wa gredi ya tatu (mwenye mada):
Bibi, shikamoo. Hilo la kuogelea limenichoma kwa sababu hapa petu kuogelea ni usalama, watoto wapanda boti kila siku.

Mwalimu nakuheshimu na sikutupii yote. Wazazi ndio wa kwanza nliowataja, angalia vizuri. Lakini la kusiliba karatasi mbona dogo? Muhula wa mwisho wa gredi ya sita waonyeshe, warudie mara kadhaa mpaka mikono izoee, bas. Kumzoesha mtoto wa miaka minane kusiliba ili aje asiliba miaka mitatu baadaye, hapo sikufuati. Na wewe mwenyewe nifanyie hesabu, Ijumaa nzima ni mtihani, Jumatatu nusu siku ni kusahihisha na kuulizana wa ngapi, yabaki siku tatu na nusu za kufundisha. Mwalimu ambaye darasa lake limejaa na silabasi haijaisha, siku moja na nusu kila wiki mbona yuwaitoa bure?

Baba wa Kizingitini, maneno yako ni mazito na nimeyarudia kusoma. Mimi sisemi mtihani wa mwisho uondolewe. Karatasi moja kwa watoto wote wa nchi, imesahihishwa na mtu asiyemjua baba yako, hiyo ni haki na mtoto wa mvuvi yuwaihitaji kuliko mtu yeyote, na hilo la projekti za manila na intaneti naliunga mkono mia kwa mia, lastahili mada yake peke yake. Lakini karatasi ya Ijumaa si hiyo! Hiyo ni biashara. Hailingani skuli kwa skuli, asiye na hela mtoto wake akaa nje au agawana na mwenzake, na haitamwita mtoto wako skuli yoyote. Kilichokuwa chamvusha yule mtoto wa mvuvi ni mwalimu aliyekaa naye, na kitabu, na kichwa chake kikiwa kizima. Huko kwenu mwalimu wa sayansi wa gredi ya saba yupo? Maabara ipo? Watoto hao hao wakifika gredi ya tisa wataulizwa kuhusu sayansi kwenye KJSEA yenye uzito wa 60, na wengine wataka kwenda njia ya STEM, ile ya sayansi na hesabu, na hela ya wazazi yote imeishia kwenye karatasi za gredi ya tatu na ya nne. Mimi hapo ndipo ningepigana kama ningekuwa Kizingitini.

Na Basuba, wallahi, wale watoto wamekosa miaka ya kufundishwa. Mtihani wameupata, mafunzo ndiyo wamenyimwa. Tusiwatumie kuhalalisha tuisheni za mjini.

Haya, nlivyopanga ni hivi. Mkutano wa wazazi wiki ya kwanza ya muhula ntasimama niseme karatasi za kununua zisimame gredi ya kwanza mpaka ya nne, orodha itoke mlangoni, na Jumamosi asubuhi waachiwe chuo. Gredi ya sita na ya tisa mwalimu aamue na wazazi wao, sitawasemea. Najua watanikatalia, najua kuna mzazi atasema mimi wangu ni mzembe ndio maana siutaki mtihani, na aseme.

Kabla ya hapo naomba kitu kimoja. Kila mzazi aandike hapa alilipa shilingi ngapi muhula uliopita kwa karatasi za mtihani peke yake, si tuisheni, si chakula, karatasi tu, na mtoto yuko gredi gani. Skuli usiitaje. Mwalimu nawe kama waweza tuambie kitabu kimoja cha hadithi cha gredi ya tatu chauzwa ngapi, niende mkutanoni na hesabu mbili.