Wapenzi wa muziki wa ambienti ya giza, tupeane uzoefu: inakufanya nini?

#1 (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu.

Kuna muziki ambao ukiuweka tu, waliopo chumbani wanauliza kama spika imekufa. Hauna ngoma, hauna mwimbaji, hauna kiitikio. Ni mvumo mrefu wa sinthesaiza (kinanda cha umeme) unaogeuka taratibu mpaka hujui uligeuka saa ngapi. Nazungumzia ambienti ya upande wa giza: wasanii kina Lustmord, Thomas Köner, Biosphere na wenzao.

Mimi naupiga usiku nikifanya kazi za hesabu. Nyimbo zenye maneno zinaniteka, najikuta naimba huku tarakimu zinaningoja. Huu hauniiti kabisa. Lakini najua si wote tunautumia hivyo, ndiyo maana nimeleta uzi. Unasikiliza wakati gani, kwa chombo gani, na unajisikiaje? Wenye kukejeli nao karibuni, hatumfukuzi mtu.

#2
Haya, mkejeli nimefika. Rafiki alinitumia kibao kimoja, nikakaa nasubiri kianze mpaka kikaisha.

#3
@2 bila shaka ulisikilizia spika ya simu. Sikio la binadamu linashika sauti kuanzia kama herzi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), na uhondo wa muziki huu uko huko chini chini. Kispika cha simu hakifiki huko hata ukikibembeleza, kwa hiyo ulichosikia ni mabaki. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio lote, zima taa, lala chali.

Kwangu kinachotangulia ni chumba kupanuka. Nikifumba macho kuta hazipo tena. Mwangwi ukichukua sekunde nyingi kufifia, ubongo unapiga hesabu zake wenyewe na kukuambia uko kwenye jengo kubwa, au chini ya ardhi. Lustmord alilijua hilo vizuri: kwenye albamu yake Heresy ya 1990 alitumia sauti zilizorekodiwa mapangoni, migodini na kwenye mahandaki ya makaburi. Ndiyo maana hofu yake haifanani na ya filamu za kutisha. Hakuna kinachokurukia. Ni ukubwa wa mahali tu, na wewe ulivyo mdogo ndani yake.

#4
Naomba nitofautiane na #3 kidogo. Hedifoni hapana. Mimi naweka spika za kawaida, sauti chini kabisa, iwe inachanganyika na feni na mvua ya nje. Na siyo ubunifu wangu. Mwanamuziki Brian Eno alisimulia kwamba mwaka 1975, akiwa kitandani baada ya ajali, aliwekewa sahani ya muziki wa kinubi kwa sauti ndogo mno na hakuwa na nguvu za kuinuka kuiongeza. Akaisikiliza hivyo hivyo, ikawa sehemu ya chumba kama mwanga na mvua. Miaka 7 baadaye akatoa albamu ya On Land, ambayo kwa masikio yangu ndiyo mlango wa giza lote hili.

Ukiuongeza sauti unautazama. Ukiupunguza unaishi ndani yake.

#5
Mimi nautengeneza, japo ni wa kabatini tu. Wanaodhani kuna mitambo ya ajabu watashangaa. Chukua simu, rekodi bawaba ya mlango inayolia. Ingiza kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, punguza mwendo mara 8. Kila ukipunguza kwa nusu, sauti inashuka oktavu moja (kama kutoka do ya juu hadi do ya chini), kwa hiyo imeshuka oktavu 3 na sekunde 4 za mlio zimekuwa 32. Kata masafa ya juu, yale yanayowasha masikio. Ongeza mwangwi mrefu. Bawaba imeshakuwa mnyama anayepumua mahali fulani mbali.

Tatizo ni kwamba sasa siwezi kupita karibu na jokofu linalonguruma bila kutoa simu. Nyumbani wameshanizoea.

#6
Nilianza kusikiliza Everywhere at the End of Time ya msanii anayeitwa The Caretaker. Sehemu 6 zilizotoka kati ya 2016 na 2019, zaidi ya saa 6 kwa jumla, sahani za zamani za dansi zinazochakaa na kuchanganyikana kufuata hatua za ugonjwa wa kusahau. Bibi yangu alikuwa na ugonjwa huo. Nilifika pale ambapo unatambua kuna wimbo lakini huupati tena ni upi, nikazima. Bibi alikuwa ananitazama hivyo hivyo, anajua mimi ni mtu wake ila jina halimjii. Sijamalizia na sidhani kama nitamalizia. Ila siwezi kusema ni muziki mbaya.

#7 (mleta uzi)
@6 pole sana mkuu. @5 tuwekee basi hiyo bawaba tuisikie.

#8
Swali kwa wazoefu: nikilala nao naota ndoto nzito, naamka nimechoka. Kuna mwingine yanamkuta?

#3
@8 mimi pia, mpaka nilipoanza kukwepa albamu zenye watu wanaoongea. Substrata ya Biosphere (1997) ni tamu, ila ina sauti za watu ndani yake, na kwangu hizo ndizo zinazopenya usingizini. Jaribu Köner wa mwanzo, pale alipokuwa anatumia upatu tu. Halafu weka kipima muda kizime baada ya nusu saa, usiuache hadi asubuhi.