Ustadi wa nahodha au umbo la chombo: kipi kinaleta mwendo?

Kipupwe78
Wakuu, naomba ushauri kabla sijafungua pochi. Nina mashua ya matanga, mlingoti mmoja, mkuku (ule uti wa chini ya chombo) mzito, futi 20 kwenye mstari wa maji. Jamaa yangu ana ya futi 25. Kila tukitoka pamoja ananiacha, nikifika namkuta keshakunja matanga, kakaa ananitazama kwa kicheko. Naona njia tatu: (a) niuze hii nichukue ndefu zaidi, (b) nibaki nayo lakini nishone matanga mapya, (c) nisinunue kitu, nijifunze upya kuendesha. Mke wangu yuko upande wa (c), na sababu mnaijua. Nyie mnasemaje?

FundiMkuku
(a). Hesabu haina huruma, mkuu. Chombo chenye mkuku mzito kikikata maji kinatengeneza wimbi lake chenyewe. Kadiri kinavyokaza mwendo, wimbi hilo linarefuka, hadi omo, yaani mbele ya chombo, inakaa kwenye kilele kimoja na tezi, yaani nyuma, kwenye kingine. Ukizidisha hapo, tezi inazama, na unakuwa unapanda kilima ulichokijenga mwenyewe. Kanuni yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa futi, zidisha kwa 1.34, umepata mwendo wa juu kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Futi 20 ni karibu noti 6. Futi 25 ni 6.7. Kwenye maili 10 za bahari wewe unatumia dakika 100, yeye 90. Hizo dakika 10 hata malaika akishika usukani hazirudi.

Pwelewa
Mke wako ana akili. Msikilize.

JoshiTupu
Fundi, hesabu sina ugomvi nayo, ila hiyo ni dari. Kipupwe, ni mara ngapi umeiona noti 6 kwenye kipimo chako? Nakisia si nyingi. Upepo ukiwa mwembamba, kinachokushika zaidi ni maji yanayosugua mwili wa chombo, wimbi halijawa na nguvu bado. Hapo chombo kifupi chenye ngozi safi kinaweza kabisa kumsumbua mrefu. Nauliza hivi: mara ya mwisho kukwangua chini ilikuwa lini?

Halafu tuje kwenye upepo wa omo, unaokuja usoni, maana huko ndiko watu wengi huachwa. Unataka kufika sehemu iliyo maili 2 kule upepo unakotoka. Ukipiga bisha, yaani ukienda kwa kugeuza huku na huku, kwa digrii 45 kutoka upepo unakotoka, utasafiri maili 2.8. Mkono ukilegea ukaenda kwa digrii 55, utasafiri karibu 3.5. Ni kweli kwa digrii 55 chombo kinakimbia zaidi kidogo, lakini mara nyingi hakikimbii kiasi cha kulipa robo nzima ya njia. Hapo hatujagusa bisha zenyewe. Anayegeuza kwa kuusukuma usukani ghafla anasimamisha chombo, kisha anaanza kukibembeleza upya. Fanya hivyo mara nane, uone umepoteza nini.

TangaLaMbele
Naongezea la JoshiTupu. Kwenye Olimpiki kuna mashua inaitwa Laser, siku hizi ILCA. Mita 4.2, mtu mmoja, tanga moja, na zote zinatengenezwa sawasawa makusudi ili umbo lisiwe hoja. Mwaka 1996 Robert Scheidt wa Brazil alichukua dhahabu, Ben Ainslie wa Uingereza fedha. Mwaka 2000 ikageuka, Ainslie dhahabu, Scheidt fedha. Kila mara wote wako kwenye chombo cha aina moja, bahari moja, na nyuma yao kundi la watu linafika likiwa limetawanyika. Kama umbo ndilo kila kitu, wangefika wote kama abiria wa basi moja.

FundiMkuku
Mfano mzuri, ila umechagua mashindano ambayo umbo limefungwa kamba. Lifungulie uone. Kombe la Amerika, la mashindano ya mashua za matanga, lilikaa mikononi mwa Wamarekani miaka 132, likaondoka mwaka 1983 kwa Australia II iliyokuwa na mkuku wenye mabawa. Nne kwa tatu. Na rekodi ya mwendo wa matanga kwenye mita 500, aliyoiweka Paul Larsen kule Walvis Bay, Namibia, Novemba 2012, ni noti 65.45, zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Nionyesheni ustadi utakaoitoa mashua ya kawaida kwenye noti 6 na kuifikisha 65.

JoshiTupu
Nne kwa tatu umeisema mwenyewe, Fundi. Kama mabawa yangemaliza kazi yangeshinda nne bila. Na hicho chombo cha Larsen kilichongwa kiende upande mmoja tu wa upepo. Bisha hakijui. Kipupwe atarudije nyumbani?

Pwelewa
Atavutwa 😂

TangaLaMbele
Mnalikumbuka Kombe la Amerika la 2013, San Francisco? Oracle, timu ya Marekani, walikuwa nyuma 8 kwa 1 dhidi ya New Zealand, wakamaliza 9 kwa 8. Ukimuuliza fundi, atakwambia walikuwa wanakirekebisha chombo usiku. Ukimuuliza nahodha, atakwambia hatimaye walijifunza kukiinua juu ya maji kwa mabawa yake ya chini wakati wa kwenda joshini, yaani kule upepo unakotoka. Mimi naona walifanya vyote, na sijui utavitenganishaje.

BiDemani
Habari zenu. Nashona matanga, kwa hiyo mnaweza kudhani nitasema (b). Sisemi, angalau sio leo. Tanga lililochoka tumbo lake linahamia nyuma. Badala ya kusukuma mbele linalaza chombo ubavu, na usukani unaanza kukuvuta mkono. Ukijikuta umeushika kwa mikono miwili, ujue unaburuta ubao majini kama breki. Lakini dalili hizohizo anazipata mtu mwenye tanga jipya aliyekaza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, kupita kiasi. Nimeshawashonea watu matanga mapya wakarudi na malalamiko yaleyale.

Kwa hiyo, kaka Kipupwe, anza na vipande vya uzi wa sufu. Bandika kwenye tanga la mbele, kila upande, karibu na ukingo wa mbele. Ule wa joshi ukirukaruka, umeelekeza omo karibu mno na upepo unakotoka au demani imelegea. Ule wa upande wa pili ukirukaruka, demani imekaza mno, ifungue. Zikilala zote mbili, usiguse kitu.

Kisha mwombe huyo jamaa mbadilishane mashua kwa siku moja. Utapata jibu ambalo hapa hulipati.

Kipupwe78
Nimerudi. Tumebadilishana Jumamosi, na sina hamu.

Kwenda ilikuwa upepo wa omo, wa wastani. Nilijua safari hii mimi ndiye nitakayekaa kumsubiri. Kwenye bisha ya tatu akanikatiza mbele, yeye na kijimashua changu! Nikaacha kushindana nikabaki kumtazama. Usukani kaushika kwa vidole viwili. Macho hayatoki kwenye zile nyuzi nilizobandika Ijumaa. Demani hakuikaza mpaka mwisho kama ninavyofanya mimi. Kila upepo ulipopungua aliachia kidogo, chombo kikipata mwendo anavuta tena. Kugeuza, anausogeza usukani polepole kama anafunga mlango chumba chenye mtoto aliyelala. Mimi nilipiga bisha kumi na moja, yeye sita.

Kurudi upepo ulikuwa umekaza, tena wa tezi. Fundi, hapo nilikukumbuka. Sikufanya chochote cha maana, nilikaa tu, nikampita kama amesimama. Kipimo changu kilisoma 6.6. Nilipomuuliza baadaye, yeye hakuvuka 5.8, na alijaribu kila alichokijua.

La mwisho, JoshiTupu: nilipotia mkono chini ya mstari wa maji wa mashua yangu, ulitoka na ukoga wa kijani mpaka kwenye kifundo. Yaani alinipita joshini akiwa anaburuta na hilo shamba.

JoshiTupu
Hukunijibu lini ulikwangua.

Kipupwe78
Sitakujibu. Jumapili nakwangua.

FundiMkuku
Ukimaliza, nenda na upepo wa tezi uleule usome kipimo. Ukiigusa 6 siku tatu tofauti, nitafute tuongee habari ya futi.

BiDemani
Na hizo bisha kumi na moja zipunguze kwanza.