Tupeane uzoefu: pikipiki nyepesi ya mchanga na maweni, isiyotaka fundi kila wiki

Mwenye mada, Makunduchi

Assalaam alaykum wandugu. Nataka kubadilisha chombo, na safari hii sinunui kwa macho. Kazi yangu ni asali. Mizinga iko uwandani, kati ya Makunduchi na Mtende, na mingine upande wa Muyuni. Wanaoijua njia wanaijua: mawe makali yaliyotobokatoboka, vumbi jeupe kama unga, halafu ghafla unaingia mchanga mzito.

Mwaka juzi nilinunua CC 250 iliyotumika, ndefu, nzito, injini yake inapozwa kwa maji. Siku moja baada ya adhuhuri nakwenda mizingani, tairi la mbele likazama mchangani, nikalala nayo polepole. Sikuumia. Shida ilikuwa kuinyanyua. Nashika usukani nasukuma, mchanga unakimbia chini ya miguu. Nikaigeuzia mgongo, nikaisukuma kwa mapaja, ikainuka nusu ikateleza tena. Petroli inachuruzika kwenye kifuniko cha tangi na mchanga unainywa huku naiangalia. Karibu saa nzima, mpaka wakapita kinamama wawili wanatoka kuchanja kuni, wakanisaidia kwa nyuma. Rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, ilikuwa imegonga jiwe, inavuja. Nikasubiri spea mwezi mzima, mizinga haijaguswa. Nimeiuza.

Sasa nauliza walioendesha wenyewe, si waliosikia: nichukue ipi?

Kutoka Jambiani

Pole sana sheikh. Miye nina Honda XR150L, mwaka wa tatu huu. Uzito wake kilo 130 hivi, silinda moja, inapozwa kwa upepo, haina rejeta ya kupasuka. Nimeanguka nayo mara nyingi tu kwenye mchanga wa Michamvi na kila mara nimeiinua peke yangu. Nguvu ndogo, kweli, lakini mchangani nguvu huitumii yote.

Ila nikwambie kitu kimoja: chombo hakikusaidii ukiwa umekaa kitini kama uko barabara ya lami. Simama, tupa uzito nyuma, usiguse breki ya mbele, na usifunge mafuta kwa woga. Tairi la mbele likianza kucheza, liache licheze.

Kutoka Konde, Pemba

Mimi ni mtu wa afya, natembelea vijiji na sanduku la chanjo mgongoni mwa pikipiki. Kazini tulipewa Yamaha AG200, nayo ndiyo ninayoisemea. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, na inaonekana. Cheni yote imefungwa ndani ya kasha, haioni mchanga wala maji ya chumvi. Ina stendi mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo kwenye ubavu wa kilima unachagua upande wa kuilaza. Stata ikigoma, kiki ipo. Breki ni za ngoma mbele na nyuma.

Njia ya kutoka msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi ni mchanga, na kule naipenda. Masika nikipanda vilima vya udongo mwekundu huku kwenye mikarafuu, hapo tairi ndiyo kila kitu. Niliwahi kwenda na tairi lililokwisha, nikarudi kinyumenyume na kilima mpaka mferejini, sanduku la chanjo nimelikumbatia. Tangu siku ile sitoki bila tairi za kashata nzima, zile za meno makubwa.

Mpya nadra kuiona dukani. Ukipata iliyotumika, fungua lile kasha la cheni kabla hujalipa. Wengi hawalifungui miaka, na cheni inakufa humo humo kimyakimya.

Fundi, Wete

Wote wanazungumzia injini na tairi. Mimi vyombo vinavyonijia vimekufa kwa eaklina, yaani kichujio cha hewa ya injini.

Vumbi la maweni ni laini mno. Eaklina ya sponji ikikauka, vumbi linapita, linaingia kwenye silinda, na ringi zinasagwa kama kwa msasa. Mtu ananiletea chombo kinatoa moshi anadhani kimechoka. Nafungua boksi la eaklina, nakuta sponji imekauka, ukiiminya inapukutika mkononi. Dawa yake haina gharama. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke kivulini, itie oili, uiminye ienee pote, rudisha. Siku za kaskazi, kukiwa kukavu, mwenye njia ya maweni afanye hivyo kila wiki. Na paka grisi ukingo inapokalia, maana vumbi hupita pembeni vilevile.

La pili ni chumvi. Anayepita ufukweni aoshe chombo kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile, si kesho. Spoku zinaanza kuoza pale zinapoingia kwenye rimu, huoni mpaka zikatike tatu kwa pamoja. Na cheni yenye ringi za mpira usiioshe kwa petroli, utaziua. Mafuta ya taa yanatosha.

Wapo wanaopenda Yamaha DT125 za zamani, zinazochoma oili pamoja na petroli. Nyepesi kweli, rimu ya mbele inchi 21, ya nyuma 18, inapita popote, na silinda yake naifungua kwa spana chache. Lakini ina tangi dogo la oili peke yake. Ukisahau kulitazama, pistoni inang'ata silinda njiani. Kwa mtu mwangalifu naisifu. Kwa mtu wa haraka, hapana.

Mzanzibari, Oman

Huku kwa wajomba zangu tunaingia jangwani kupitia Bidiyah, kwenye mchanga wa Wahiba. Nilikuja na fikra kwamba jangwa linataka injini kubwa. Mwaka wa kwanza niliazimwa pikipiki ya mashindano, CC 450. Inaruka kama swala, lakini oili yake inahesabiwa kwa saa, si kwa kilomita, na kwenye mchanga laini wa saa sita mchana nilichoka kuiinua kabla ya tuta la tatu. Sasa naendesha Honda XR250 ya kupozwa kwa upepo, na nafika mbali zaidi kuliko mwanzo.

Hata historia inasema hivyo. Mbio za kwanza za Paris hadi Dakar zilianza Desemba 1978, na mshindi, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500: silinda moja, upepo, kiki. Sahara ilivukwa kwa chombo ambacho fundi wa Wete angekifungua.

Mawili ya jangwani yanayofaa kwenu. Ondoka alfajiri, mchanga ukiwa umeshikana kwa baridi ya usiku. Na punguza upepo wa tairi: kwenye matuta nashuka mpaka PSI 12.

Kutoka Jambiani

Hiyo 12 asiifuate mtu kwenye maweni! Huko kwenu ni mchanga mtupu. Huku kila hatua kumi kuna jiwe, tairi likiwa laini linabanwa kwenye rimu na tyubu inapasuka matundu mawili. Tena tairi linajizungusha peke yake na kuchana mdomo wa tyubu. Miye sishuki chini ya 18, na pampu ya baskeli siiachi.

Kutoka Paje

Nyote mmetaja vyombo vya bei. Mume wangu anabeba mwani kwa pikipiki ya kawaida ya CC 125, kama za bodaboda. Tumeitia tairi za kashata na kuinua madigadi ya mbele ili mchanga usikwame. Spea zake zipo hata duka la hapa kijijini. Kaka, kama fedha ni chache, usikope kwa ajili ya chombo.

Mwenye mada, Makunduchi

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Dada wa Paje, neno lako nimelibeba, sikukopa. Jana nilikwenda kuangalia XR125L iliyotumika, bei yake iko ndani ya ile niliyouzia cha zamani. Nilianza na eaklina: imekauka, lakini nzima, na ndani ya boksi hamna vumbi. Spoku nikazigonga moja moja kwa bisibisi, mbili zimelegea. Kisha nikamwomba mwenye chombo ruhusa, nikailaza kwenye mchanga wa uani kwake. Akaniangalia tu. Nikaishika usukani na chuma cha nyuma ya kiti, nikasukuma mara moja.

Ikasimama. Keshokutwa napeleka fedha.