Hazadi kwenye kipilefti: nani aliwafundisha huo upuuzi?

Wakuu, hili limepitiliza, acha tuambiane ukweli.

Mtu anaenda moja kwa moja, anafika kwenye kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, anawasha hazadi, zile indiketa zote mbili kwa pamoja, eti "naenda mbele". Hebu kaa kwenye kiti cha anayesubiri kuingia. Wewe unatokea kulia kwake, kwa hiyo anauona ubavu wako wa kushoto tu. Taa ya upande wa pili imezibwa na bodi ya gari lako mwenyewe. Anachoona ni taa ya kushoto inapepesa. Kwake maana yake unatoka. Anaingia, anakuvaa mlangoni, halafu unashuka unamtukana!

Unatoka njia ya kwanza: leni ya kushoto, indiketa ya kushoto kabla hujafika. Unaenda mbele: ingia bila taa yoyote, ukishaipita njia iliyo kabla ya yako washa kushoto. Unakata kulia au unageuza: leni ya kulia, washa kulia toka mbali, zunguka nayo, ukiipita ile ya kabla ya yako badilisha kushoto, tazama saiti mira, geuza na shingo kidogo maana bodaboda hapo hakosekani, ndipo utoke. Umepitiliza? Zunguka tena. Kuchomoka leni ya ndani na kukatiza mbele za watu ndiko kunakong'oa mabampa.

Aliye ndani ndiye mwenye haki. Daladala mnauona ule mstari wa vipande wa kusubiria pa kuingilia kama urembo. Na kama njia utakayotokea imejaa, usiingie hata kama ni zamu yako. Pale Mnara wa Saa Arusha wakaidi watatu wanne wanatosha kufunga njia zote.

Nyie wa boda mnaojibana kushoto kwa semi, yale malori ya tela, sikilizeni. Semi ikitaka kutoka, kichwa hutanuka kwanza kulia. Mnaona nafasi, mnajipenyeza. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kwa ndani, mpaka kwenye ukingo, na wewe uko hapo hapo. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Semi zenye usukani kushoto, za Rwanda, Burundi na Kongo, hazioni vizuri upande wa kulia, kwa hiyo ukiwa ndani ya kipilefti usidhani dereva wake ameshakuona.

Haya, mtetezi wa hazadi aje atueleze.