Mrejesho: baiskeli ya milimani kwa pesa kidogo, Malindi

Jamani, niliuliza hapa namna ya kuunda baiskeli ya milimani kwa bei nafuu, ya kwenda nayo kutoka Malindi hadi kijiji cha Marafa. Sasa inatembea. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuanza na fremu ya alumini ya mtumba, magurudumu ya inchi 26. Vipuri vya saizi hiyo havisumbui kupata, na hewa ya chumvi huku haili alumini kama inavyokula chuma. Mbele, kwenye pedeli, ni sahani moja ya cheni yenye meno 32, nyuma gia nane, basi. Ndugu uliyesema pesa iende kwenye tairi pana kabla ya kitu kingine, Mungu akubariki: ukipunguza upepo kidogo, mchanga haukumezi tena.

Kilichokataa ni foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi ya mtumba. Sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasitoke, zilikuwa zimekwisha, ikavuja mafuta na kugonga kila shimo. Fundi amenifungia foku ya chuma isiyo na springi. Mikono inachoka kwenye mawe, lakini baiskeli imepungua uzito.

Cheni bado huota kutu nisipoifuta na kuipaka mafuta baada ya kupita ufukweni.