Kula cha ziada baada ya mazoezi unapopunguza uzito: kalori zote, nusu yake, au usile kabisa?

MkimbiajiWaAlfajiri (Dar es Salaam), mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, nina umri wa miaka 41 na urefu wa sentimita 172. Wiki sita zilizopita nilikuwa na kilo 91. Leo mizani inasoma 92 na kidogo, ingawa katika muda wote huo nimekimbia kilomita sita mara tatu kwa wiki bila kukosa, mbio ya tatu ikiwa ya Jumamosi pamoja na kikundi chetu cha jogging. Programu ya simu iliniuliza kiwango changu cha mazoezi, nikachagua "wastani", ikanipangia kalori 2,280 kwa siku. Kila nimalizapo mbio, saa yangu ya mkononi huandika kwamba nimechoma kalori 780, na programu huziongeza papo hapo kwenye posho ya siku hiyo. Mimi nami huzila zote, kwa sababu pale tunapomalizia mbio kuna mama anayeuza supu ya ng'ombe na chapati, na si rahisi kuwaaga wenzako wakiwa wanavuta mabenchi.

Naomba tulinganishe njia tatu ninazozisikia: kurudishia kalori zote zilizochomwa, kurudishia nusu, au kutorudishia chochote. Ipi imewasaidia, na kwa nini?

HesabuKwanza (Arusha)

Kaka, kabla ya kuchagua njia ni lazima ujue hizo 2,280 zilitoka wapi, maana hapo ndipo tatizo lako lilipo. Programu nyingi hutumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo kwa mwanamume husema: chukua kilo zako mara 10, jumlisha sentimita zako mara 6.25, toa umri mara 5, kisha jumlisha 5. Kwako inatoa 1,795, yaani kalori ambazo mwili wako hutumia hata ukilala kutwa nzima. Kwa kuwa ulichagua "wastani", programu imezidisha kwa 1.55, ikapata takriban 2,780, halafu ikatoa 500 ili upungue. Kwa maneno mengine, mazoezi yako yalikwisha kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, na unapoongeza zile 780 za saa unajilipa mshahara mara mbili kwa kazi ileile.

Sasa tuitazame hiyo 780 yenyewe. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hivyo kilo 92 mara kilomita 6 ni kama 550. Kati ya hizo, zipatazo 50 ungezitumia hata kama ungekaa kwenye kochi kwa muda uleule, kwa hiyo faida halisi ya mbio moja ni 500 hivi. Mbio tatu ni 1,500 kwa wiki, ambazo ukizigawa kwa siku saba ni kama 215 tu kwa siku. Mtu wa kazi ya ofisini mwenye mwili wako hutumia karibu 2,150 bila mazoezi. Jumlisha hizo 215, upate kama 2,370. Wewe kwa wiki unakula 2,280 mara saba na 780 mara tatu, jumla 18,300, ilhali unatumia kama 16,600. Ziada ni 1,700 kila wiki, na kwa wiki sita imepita 10,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Mizani haikukuonea.

Kuhusu njia zako tatu, ya kwanza ningeiondoa kabisa mezani kwa mtu anayetegemea namba za saa. Hizo mbili zilizobaki zinaweza kukufikisha mahali pamoja. Ukila 1,900 kila siku, iwe umekimbia au hukukimbia, wiki inakuachia upungufu wa kama 3,300. Ukila 1,750 siku za kawaida na kuongeza nusu ya namba ya saa, yaani 390, siku za mbio, upungufu ni uleule kwa tofauti ndogo sana. Zote mbili ni kama nusu kilo pungufu kidogo kwa wiki. Chagua kwa tabia yako: mtu anayependa sahani isiyobadilika afuate ile ya 1,900 kila siku, anayeamka na njaa kali siku za mbio afuate ile ya nusu.

BiKisauni (Mombasa)

Mimi sikimbii, hutembea saa nzima kila asubuhi, siku tano kwa wiki, na nina kilo 68. Msimamo wangu ni mkali kidogo: mwenye kutembea asile cha ziada hata kidogo. Saa moja ya mwendo wangu ni kama kilomita tano, na gharama yake, ukiondoa ile ambayo mwili ungetumia umekaa, haizidi kalori 170 au 180. Hamri moja na upawa wa mbaazi za nazi zimeshaipita. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiambia kwamba leo nimestahili, na hilo neno "nimestahili" ndilo lililonirudisha nyuma kuliko sukari yenyewe. Tangu nilipoacha kuyachukulia matembezi kuwa pesa ya kununulia chakula, nimepungua kilo tisa kwa miezi kumi na moja, na wala sijawahi kuanguka njiani kwa njaa.

MbioNdefu (Nairobi)

Bi Kisauni, kwa heshima zote, ushauri huo ni sahihi kwa matembezi, lakini usiwafikie wakimbiaji wa masafa marefu kwa namna hiyo, kwa sababu mimi niliufuata na ukaniumiza. Nilikuwa na kilo 64 nikijiandaa kwa marathoni, na Jumapili nilikuwa nikikimbia kilomita 25, ambazo kwa uzito wangu ni takriban kalori 1,600. Nilishikilia kiwango kilekile cha chakula siku zote, nikiamini kwamba kula baada ya mbio ni udhaifu. Wiki ya tisa nilianza kuamka usiku na baridi ilhali wenzangu wanatoa jasho, mbio nilizozizoea zikawa mzigo, kisha mfupa wa mguu ukaanza kuuma mahali pamoja ambapo ningeweza kukuonyesha kwa ncha ya kidole. Ulikuwa ufa mdogo kwenye mfupa, nikakaa bila kukimbia miezi mitatu.

Baadaye nilijifunza kwamba tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikionya juu ya hali hii ya mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha, na kwamba kwa wanawake dalili ya mapema huwa ni hedhi kubadilika au kukatika. Waliotembelea Iten, mji wa wakimbiaji hapa Kenya, wamewaona wakimbiaji wakirudi kutoka mbio za asubuhi na kukaa moja kwa moja kwenye chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Wale hawafanyi hivyo kwa ulafi. Kwa mbio zinazozidi dakika 90, mimi sasa hurudishia zaidi ya nusu, hata ninapopunguza uzito.

BiKisauni

Pole sana kwa mguu, ndugu yangu. Nakubali kwamba kilomita 25 si matembezi ya Nyali. Lakini mwanzisha mada anakimbia sita.

MwanafunziWaLishe (Morogoro)

Naomba niongeze mambo mawili ambayo naona yamepitwa.

La kwanza ni kwamba mwili wenyewe hauheshimu hesabu zetu sawasawa. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, hapa kwetu Tanzania. Waliwanywesha maji yenye alama za kimaabara, kisha wakafuatilia kwenye mkojo jinsi alama hizo zilivyotoka mwilini, njia ambayo hupima nishati kwa usahihi kuliko kifaa chochote cha mkononi. Wahadzabe hutembea, huchimba mizizi na huwinda kila siku, na bado, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, nishati yao ya siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo hata zile 500 za HesabuKwanza, huenda si zote zinazobaki kuwa faida, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozirudishia zote. Kuhusu saa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vifaa saba kwa watu 60 mwaka 2017: mapigo ya moyo vilipima vizuri kwa sehemu kubwa, lakini kwa kalori kilichokaribia zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93.

La pili, watu wanachanganya kula baada ya mazoezi na kula zaidi. Anayekimbia alfajiri anaweza kukihamisha kifungua kinywa chake kikawa baada ya mbio, chenye mayai mawili, maharage au maziwa mgando, akapata protini inayolinda misuli, bila kuongeza kalori hata moja kwenye jumla ya siku. Kwa mbio za dakika 45 hilo linatosha.

NesiMstaafu (Tanga)

Wanangu, nawasoma kwa furaha, ila mjadala huu una watu ambao hauwahusu. Mwenye kisukari anayejidunga insulini au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari wakati wa mazoezi, na hata saa nyingi baadaye, usiku akiwa amelala. Huyo asichague njia kwa kusoma hapa. Apange chakula na dozi pamoja na daktari wake, na akitetemeka na kutoka jasho jembamba anywe kitu chenye sukari mara moja, awe anapunguza uzito au asiwe. Mama anayenyonyesha naye asifuate hesabu za kaka huyu.

MkimbiajiWaAlfajiri

Nawashukuru nyote. Sina kisukari, nilipima mwezi uliopita. Nimeibadilisha programu ikae kwenye "bila mazoezi", nimezima ile sehemu ya saa kuongeza kalori, na nimeweka 1,900 kwa kila siku, kwa kuwa najijua: nikipewa namba mbili nitachagua kubwa. Nitapima uzito kila asubuhi kabla ya kunywa chochote na kutazama wastani wa wiki, si wa siku moja, kisha baada ya wiki nne nitarekebisha. Kifungua kinywa kitakuwa baada ya mbio. Swali langu la mwisho linahusu Jumamosi: supu na chapati ziingie humohumo, au niache kabisa kukaa na wenzangu?

HesabuKwanza

Usiwaache wenzako. Chapati moja ya mgahawani hufika 300 kwa urahisi, na soda ya kola ya nusu lita hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani kama kalori 200 zisizoshibisha. Kwa hiyo chapati iwe moja, maji badala ya soda, nayo iandikwe kuwa ndiyo kifungua kinywa chako cha siku hiyo.

BiKisauni

Na huyo mama mwambie akuchotee supu ya chini. Yale mafuta ya manjano yanayoelea juu ya sufuria, kijiko chake kikubwa kimoja ni kalori 120, na wauzaji wengi huyachota kwa makusudi wakidhani wanakupendelea.